Profesa Odhiambo: Mzaliwa wa Mombasa aliyetaka tumjue mdudu kabla ya kumpiga

Sisi Wapwani tuna orodha ndefu ya watu wetu mashuhuri. Tunawataja washairi, masheikh, waimbaji wa taarab, wanasiasa na wachezaji wa kandanda. Jina moja husahaulika karibu kila mara, nalo ni la Profesa Thomas Risley Odhiambo, bingwa wa elimu ya wadudu aliyezaliwa papa hapa Mombasa tarehe 4 Februari 1931. Wengi humhesabu kuwa mtu wa Nyanza tu, na ni kweli asili yake ni huko na shule alisomea huko. Lakini mji uliompokea duniani ni huu wetu. Na mwaka aliofariki, 2003, ndio mwaka ambao adui mkubwa wa maembe yetu alionekana Pwani kwa mara ya kwanza.

Naandika haya nikiwa Machakos, ambako kazi ilinileta miaka kadhaa iliyopita. Huku Ukambani, msimu unapofika mwishoni mwa mwaka, maembe ndiyo karo ya shule, ndiyo mabati ya nyumba, ndiyo deni la dukani. Mwala, Masii, Kathiani, Yatta, kote kuna miembe. Na kote swali ni lile lile: tumfanyeje nzi wa matunda? Siku hizi limeongezeka swali jingine. Wakulima wamesikia kwamba ziko nchi ambako nzi madume hutiwa utasa kiwandani kisha huachiliwa kwa ndege juu ya mashamba, na nzi wakapungua hadi kwisha. Wanauliza mbona sisi hatuletewi.

Nadhani sehemu kubwa ya jibu imo katika maisha ya Odhiambo, na ndiyo sababu nimeona nimsimulie.

Alisoma Maseno, kisha akaenda Makerere, Kampala. Baada ya hapo aliajiriwa na serikali ya Uganda katika idara ya kilimo, akafanya utafiti wa wadudu katika kituo cha Kawanda. Wakati ule kazi ya utafiti ilikuwa mikononi mwa Waingereza, na Mwafrika katika kituo cha serikali alitarajiwa awe msaidizi wa kubeba chupa na kuandika vibandiko. Odhiambo hakuishia hapo. Mwaka 1959 alichapisha makala ya kisayansi juu ya mdudu mmoja muwindaji wa jamii ya kunguni, anayefyonza wadudu wenzake. Alichokiona ni kwamba kwa mdudu huyu dume hushika zamu ya kulinda mayai mpaka yaanguliwe. Katika ulimwengu wa wadudu jambo hilo ni nadra mno, kwa maana akina baba wengi huko wakishapanda huwa wamemaliza kazi. Hadi leo wataalamu wanaoandika juu ya malezi ya wadudu humrejelea.

Nataka msomaji ashike jambo hilo moja. Kijana yule hakuanza kwa kuuliza mdudu huyu auawe vipi. Alianza kwa kuuliza anaishi vipi, na hasa anaoana vipi.

Kutoka Kawanda alikwenda Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, ambako alisoma chini ya Sir Vincent Wigglesworth, mtu aliyekuwa akihesabiwa kuwa gwiji wa fiziolojia ya wadudu duniani. Odhiambo alichagua kumchunguza nzige wa jangwani, na katika nzige huyo akamchagua dume. Nyuma ya ubongo wa nzige kuna jozi ya tezi ndogo sana zinazotoa homoni. Odhiambo alizifuatilia tezi hizo na kuonyesha jinsi zinavyoongoza kukomaa kwa dume. Nzige aliyeondolewa tezi hizo hakomai ipasavyo, na hamu yake ya kupanda hufifia. Mwaka 1965 alitunukiwa shahada ya uzamifu, akafunga mizigo akarudi nyumbani.

Angeweza kubaki. Vyuo vya Ulaya vilikuwa na darubini, umeme usiokatika na mishahara. Alirudi kufundisha katika chuo kikuu kichanga cha Nairobi, akaja kuwa profesa wa kwanza wa elimu ya wadudu hapo na dini wa kwanza wa kitivo cha kilimo.

Mwaka 1967 aliandika makala katika jarida la Science la Marekani kuhusu sayansi na maendeleo ya Afrika Mashariki. Hoja yake kwa ufupi ni kwamba nchi changa hazitajikomboa kwa kuletewa dawa zilizobuniwa kwingine, bali zinahitaji vituo vyao wenyewe vya utafiti wa hali ya juu, na kwamba wadudu ndio mahali pazuri pa kuanzia kwa kuwa ndio wanaotula. Makala hayo yalisomwa mbali. Miongoni mwa waliovutiwa na fikra kama hiyo alikuwa Carl Djerassi, mkemia wa Marekani aliyeshiriki kutengeneza homoni iliyozaa kidonge cha kupanga uzazi. Djerassi alikuwa akiwaza jambo moja na Odhiambo kutoka upande mwingine: kama homoni zinaweza kupanga uzazi wa binadamu, kwa nini zisivuruge uzazi wa mdudu mharibifu?

Matokeo yake ni kituo kilichoanzishwa Nairobi mwaka 1970, ICIPE, yaani Kituo cha Kimataifa cha Fiziolojia na Ekolojia ya Wadudu. Kilianza kwa unyenyekevu katika eneo la Chiromo. Odhiambo alikiongoza kwa miaka 24, hadi 1994. Leo makao yake makuu yako Kasarani, mahali panapoitwa Duduville, jina ambalo kila Mswahili anacheka akilisikia mara ya kwanza kisha analipenda. Kituo cha pili kilijengwa Mbita, ufukoni mwa Ziwa Viktoria, na siku hizi kina jina lake. Orodha ya wadudu walioshughulikiwa ni kama orodha ya madhila yetu yote: mbung'o, kupe, mbu, mchwa, viwavijeshi, nzige, funza wa mashina ya mahindi.

Haikuwa safari ya kushangiliwa tu. Wafadhili na wananchi kwa pamoja waliuliza, na walikuwa na haki ya kuuliza, ni nini faida ya kupima homoni za mbung'o wakati ng'ombe wanakufa. Mama aliyepoteza mavuno hawezi kula makala ya kisayansi. Sehemu ya utafiti wa miaka ile ya mwanzo ilibaki vitabuni, na sioni sababu ya kulificha hilo kwa kuwa tu mtu tunayemsifu ni mzaliwa wetu. Odhiambo mwenyewe alibadilika kadiri miaka ilivyokwenda, akakisogeza kituo karibu na wafugaji na wakulima.

Mfano mzuri ni Nguruman, kusini mwa Kajiado. Mwishoni mwa miaka ya 1980 watafiti wa ICIPE walishirikiana na wafugaji wa Kimaasai kutega mbung'o kwa mitego ya kitambaa cha buluu na cheusi. Chambo kilikuwa asetoni na mkojo wa ng'ombe. Hakuna aliyenyunyiza sumu porini. Mitego ilishonwa na kutunzwa na wenyeji wenyewe, na idadi ya mbung'o katika eneo lililotegwa ilishuka kwa zaidi ya asilimia 90. Kilichowezesha hilo ni elimu ile ile iliyokuwa ikidharauliwa: kujua mbung'o anavutiwa na rangi gani, harufu gani, na anaruka saa ngapi.

Sifa nazo zilikuja. Mwaka 1987 alipewa Tuzo ya Afrika ya Uongozi wa kukomesha njaa, akiwa wa kwanza kuipokea pamoja na Rais Abdou Diouf wa Senegal. Alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Akademia ya Sayansi ya Afrika katikati ya miaka ya 1980 na rais wake wa kwanza. Alifariki Nairobi tarehe 26 Mei 2003.

Sasa tuje kwenye madume tasa, maana hapo ndipo swali la wakulima wa Machakos lilipo.

Odhiambo hakubuni njia hiyo. Mwanzilishi wake ni Edward Knipling wa Marekani, aliyeanza kuiwaza katika miaka ya 1930 alipokuwa akihangaika na nzi ambaye funza wake hula nyama ya mifugo hai. Knipling aliona kwamba kwa nzi yule, jike akishapandwa mara moja harudii. Basi akipandwa na dume tasa, mayai yake yote ni bure. Ukiwafuga nzi kwa mamilioni, ukawapiga mionzi ya kiasi cha kuua mbegu bila kuwaua wenyewe, ukawaachilia wawe wengi kuliko madume wa porini, kizazi kinachofuata kitakuwa kidogo, na kinachofuata kidogo zaidi, mpaka jike wa mwisho akose mume wa kweli. Mwaka 1954 njia hiyo ilikisafisha kisiwa cha Curaçao. Ni dawa ya moto kwa moto.

Sisi watu wa Pwani hatuhitaji kwenda Curaçao kutafuta ushahidi, kwa kuwa tunao jirani. Unguja ilisumbuliwa kwa miaka mingi na mbung'o aliyeleta nagana kwa ng'ombe. Kati ya mwaka 1994 na 1997, kwa msaada wa Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki, madume zaidi ya milioni 8 walifugwa katika kituo cha utafiti Tanga, wakatiwa utasa kwa mionzi na kuachiliwa kwa ndege ndogo juu ya kisiwa, pamoja na msitu wa Jozani uliokuwa maficho yao makubwa. Mbung'o wa mwisho wa porini alinaswa mwaka 1996. Mwaka uliofuata kisiwa kilitangazwa kuwa hakina mbung'o.

Lakini hadithi ya Unguja ina nusu ya kwanza ambayo watu hawaisimulii. Kabla ndege haijaruka, kwa miaka kadhaa ng'ombe walipakwa dawa mgongoni na vitambaa vyenye dawa vilitundikwa vichakani, mpaka mbung'o wakawa wachache. Madume tasa waliletwa kumalizia. Hawafai kuanzia, kwa sababu ambayo hata mtoto wa shule ataielewa: kama porini kuna madume milioni moja, itakubidi ufuge mamilioni mengi kuwazidi, tena kila wiki. Wakiwa elfu moja, hesabu inakuwa nyepesi. Isitoshe Unguja imezungukwa na maji. Mbung'o wa bara hawezi kuogelea aje kuwaposa majike wa Jozani.

Turudi mwaka 2003. Katika miezi ile ile ya mwisho wa maisha ya Odhiambo, watafiti wa ICIPE waliokuwa wakikusanya nzi wa matunda Pwani ya Kenya walinasa nzi wasiyemtambua. Hakuwa wa Afrika. Alikuwa ametoka Asia. Mwaka 2005 alipewa jina la kisayansi Bactrocera invadens, maana yake mvamizi, na baadaye wataalamu wakakubaliana kwamba ni yule yule Bactrocera dorsalis anayejulikana Asia siku zote. Kwa miaka michache tu alikuwa ameenea sehemu kubwa ya Afrika kusini mwa Sahara.

Hapa ndipo ninapouona urithi wa mzee yule waziwazi. Mdudu mgeni aliteremka kwenye pwani yetu, na waliomwona kwanza walikuwa watu wa kituo kilichojengwa Nairobi na mzaliwa wa pwani hiyo hiyo. Bila kituo kile, huenda tungekaa miaka tukidhani ni nzi wetu wa zamani aliyezidi ukali.

Nzi huyu ni mjanja. Jike hutoboa ganda la embe na kutaga ndani. Kwa nje huoni zaidi ya alama ndogo kama iliyochomwa sindano. Baada ya siku moja au mbili mayai yanaanguliwa, funza wanakula nyama ya tunda, embe linaoza na kuanguka, funza wanaingia udongoni na kugeuka mabuu, kisha wanatoka wakiwa nzi kamili. Mzunguko mzima hauchukui zaidi ya majuma machache, na jike mmoja anaweza kutaga mayai zaidi ya elfu moja maishani mwake. Ndiyo maana shamba lisilotunzwa hupoteza nusu ya mavuno au zaidi. Ndiyo maana pia mwaka 2014 Kenya ilijisimamishia yenyewe uuzaji wa maembe katika nchi za Umoja wa Ulaya, baada ya shehena kukutwa na funza, na soko hilo halikufunguka tena mpaka mwaka 2021.

Kunyunyiza dawa juu ya mti mzima hakusaidii sana, maana funza yuko ndani ya tunda na mabuu yako ndani ya udongo. Kinachobaki ni kumjua. Madume wa nzi huyu wana udhaifu mkubwa kwa harufu ya kemikali iitwayo methili yujenoli. Kijipande kilicholowa harufu hiyo na dawa kidogo ndani ya kopo huwanasa kwa mamia. Majike hutafuta protini kabla ya kutaga, basi chambo cha protini chenye dawa kidogo, kikirushwa mahali padogo tu pa kila mti, huwamaliza. Kuna kuvu anayewaua wakiwa udongoni. Kuna pia nyigu mdogo anayetaga ndani ya mayai ya nzi, ambaye ICIPE ilimleta kutoka Hawaii mwaka 2006.

Na kuna kazi isiyo na sayansi hata kidogo: kuokota maembe yaliyoanguka na kuyazika futi mbili chini, au kuyafunga katika mfuko mweusi wa plastiki na kuyaacha juani. Wengine huyatia ndani ya hema dogo la wavu ambao nzi hawezi kupenya lakini nyigu anapita, hivyo adui anafungwa na rafiki anaachiliwa.

Mimi nina miembe michache Mwala. Msimu uliopita niliokota kila asubuhi, na jirani yangu wa upande mmoja akaokota pia. Jirani wa upande mwingine yuko Nairobi, shamba lake halina mtu, na maembe yake yalioza chini mpaka harufu ikafika barabarani. Mitego yangu ya upande wa shamba lake ilijaa mara tatu zaidi ya ile ya upande wa pili. Nzi hajui mpaka wa shamba wala hati ya ardhi.

Sasa mweke dume tasa katika hali hiyo. Machakos haina bahari ya kuizunguka. Imepakana na Makueni, Kitui na Embu, kote kuna miembe. Porini kuna mng'ong'o, na vichakani kuna mapera, matunda ambayo nzi huyu anayapenda vilevile. Tukiachilia madume tasa juu ya Mwala wakati maembe yanaoza kwa malori chini ya miti, itakuwa ni kumwaga pesa hewani. Sisemi njia hiyo haiwezi kuja. Wajapani waliitumia kumtokomeza nzi wa matikiti katika visiwa vya Okinawa, kazi iliyokamilika mwaka 1993, na Afrika Kusini wanaitumia katika mashamba ya matunda ya Rasi ya Magharibi. Ninachosema ni kwamba yaweza kuja kwa watu waliokwisha kuwapunguza nzi wao kwa mikono yao, wote kwa pamoja, eneo zima.

Neno hili nawaletea na nyinyi ndugu zangu wa Pwani, msije mkaona ni habari ya Ukambani. Malori ya maembe yanateremka Kongowea kila msimu na kurudi na makreti. Mikungu yetu ya kivuli, ile ambayo watoto huokota kungu chini yake, ni makazi mazuri mno ya nzi huyu. Tunda linalooza chini ya mkungu Mombasa na embe linalooza Mwala ni shamba moja machoni mwa nzi.

Kama kaunti zetu zinataka kumuenzi Odhiambo, zisianze na jina la barabara. Zianze kwa kuajiri maafisa wa ugani wa kutosha wanaoweza kumweleza mkulima mzunguko wa maisha ya nzi mmoja kwa lugha anayoielewa, na kwa kuwapa mitego wakulima wa eneo zima kwa wiki moja, badala ya mmoja leo na mwingine mwakani. Zipange siku ya kuokota maembe kama tunavyopanga siku ya usafi wa mji. Siku ndege ya madume tasa itakapopita juu ya Machakos, kama itapita, ikute kazi yake imebaki ndogo.